Je, kakangu ameingia kalti?

*Mwalimu, shikamoo. Kakangu mkubwa, dereva wa tuktuk, mwaka jana aliacha kanisa tulilobatizwa akaingia kikundi cha maombi kinachokutana nyumbani kwa mtu huko Kiembeni. Siku hizi ni kanzu nyeupe tupu, yeye, mkewe na watoto, hata sokoni. Wakifika ibadani wanavua viatu. Televisheni ameiuza, ati ni jicho la Shetani. Ijumaa wanakesha mpaka alfajiri wakipiga ngoma, na majirani wamelalamika. Nyama hawali, chai hawanywi. Kiongozi wao wanamwita Baba, ana ndevu mpaka kifuani. Kila mwezi wanafunga siku tatu bila kula wala kunywa, na kitinda mimba wao wa miaka sita, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, hajapelekwa kliniki tangu Machi kwa sababu Baba amemwombea. Harusi ya binamu yetu hawakuja. Juzi tulikaa nyumbani tukaangalia dokumentari ya vikundi vya ng'ambo, mama akaanza kulia, akasema ni hawa hawa, kanzu zile zile. Sasa nyumbani tunamwita kakangu mtu wa kalti, naye simu zetu hashiki. Nauliza mambo mawili. Je, hii ni kalti? Na kwa Kiswahili yaitwaje, maana kila gazeti lina jina lake? Ni mimi, dada wa Bamburi.*

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya yote, mtoto. Umeniandikia kanzu, viatu, ngoma, ndevu, chai na televisheni. Katikati ya hayo umemtaja mtoto mwenye selimundu ambaye hajaonwa na daktari tangu Machi, tena anaishi katika nyumba inayofunga hata maji, ukampita mbio kama mtu apitaye makaburini usiku, ukaenda kwenye harusi ya binamu. Sikulaumu. Hata mimi niliposoma mara ya kwanza jicho lilinasa kwenye kanzu. Nilimwona mtoto niliporudia barua mara ya tatu, na nimefanya kazi hii miaka mingi. Hebu basi tuulize ni nani aliyetufundisha kutazama hivyo, na nikimaliza nitakwambia la kufanya Jumamosi hii.

Nianze na jina, ulilolifanya swali la pili.

Kabla sijaingia darasani kufundisha historia ya dini nilikuwa mfasiri wa habari katika redio moja. Machi 2000 ikaja habari kutoka Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda: tarehe 17 jengo la kikundi cha dini cha Joseph Kibwetere na wenzake limeteketea na mamia ya waumini ndani, milango na madirisha yamefungwa. Shirika lililotuletea habari liliandika "cult", ndiyo hiyo kalti yenu. Zilibaki dakika kumi kabla ya taarifa. Kamusi iliyokuwa mezani ikatupa "ibada". Ibada! Ukisoma hivyo hewani, msikilizaji wa Kisauni ataelewa kwamba watu wamefia katika sala, labda paa limewaangukia. Tukaandika "dhehebu". Taarifa haijaisha, simu ikalia. Mzee wa Mji wa Kale, sauti ya taratibu, hasira hana: "Mwanangu, madhehebu ni yangu mie, Shafi. Babangu Shafi, babu yangu Shafi. Leo mwanitia na hao wachomaji?"

Sikuwa na la kumjibu. Taarifa ya usiku tukasoma "kikundi cha kidini", neno baridi lisilo na harufu, na mhariri akanuna kwa sababu redio nyingine zilisema kwa ukali zaidi.

Kamusi yenyewe haikuwa imekosea kabisa. Waingereza walilitoa neno hilo katika Kilatini, na asili yake ni kulima na kutunza: mtu hutunza shamba, hutunza na madhabahu. Wakatoliki katika vitabu vya elimu ya dini bado hulitumia hivyo, kwa maana ya heshima anayopewa mtakatifu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasosholojia wa Ujerumani na Marekani walikuwa wakipanga vikundi vya dini kwa aina, na katika mpango huo kalti ikawa kikundi kidogo na kipya, kisicho na mizizi katika makanisa ya mahali kilipo. Hapakuwa na maiti ndani ya neno. Wapenda sinema nao wanalo kwa maana yao, filamu isiyopendwa na wengi lakini wachache wanaifia, na hao tuwaache na starehe zao.

Maiti waliingia na kamera. Tarehe 18 Novemba 1978, msituni Guyana, Amerika ya Kusini, watu zaidi ya 900 wa Peoples Temple, kikundi cha mhubiri Mmarekani Jim Jones, walikufa, wengi wao kwa sianidi iliyotiwa katika kinywaji cha matunda, baadhi wakidungwa sindano. Waandishi walikuwa pale pale: mbunge wa Marekani Leo Ryan aliyekwenda kukagua aliuawa uwanjani akitaka kupanda ndege, pamoja na waandishi watatu, na mmoja wao aliuawa kamera ikiwa begani. Majarida Time na Newsweek, katika matoleo yao ya tarehe 4 Desemba, yaliweka juu ya majalada maneno yale yale: kalti ya mauti. Picha ilipigwa kutoka angani. Kwa mbali waona rangi rangi kama mitumba iliyotandazwa Kongowea, ukisogea ni watu.

Tangu siku ile neno likawa na picha. Na picha hiyo ilichagua cha kuonyesha. Jim Jones hakuwa mtu wa porini. Alikuwa amewekewa mikono ya uchungaji katika kanisa kubwa la Kiprotestanti, na San Francisco alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya nyumba za jiji, wanasiasa wakimbembeleza kwa kura. Wengi wa waliokufa walikuwa Wamarekani weusi, kina bibi waliompa pensheni zao kwa kuwa alihubiri usawa wa rangi na kwake mweusi na mweupe waliketi benchi moja. Karibu thuluthi moja walikuwa watoto. Sasa nitajie filamu ya kubuni uliyoiona yenye ajuza mweusi wa miaka sabini ndani yake. Utaona vijana wa Kizungu, wembamba, nywele ndefu, wamevaa nyeupe, wanatabasamu shambani, na muziki wa chini unaokwambia wewe mtazamaji uanze kuogopa. Bibi yule hakuingia kwa sababu ya kanzu wala macho ya uchawi. Aliingia kwa sababu ya haki na chakula cha jioni, na hilo haliogopeshi mtu sebuleni.

Filamu ina dakika tisini, na lazima iishe kwa moto au kwa maiti. Kikundi kinachomla mjane polepole kwa miaka ishirini, leo ng'ombe, kesho hati ya shamba, hakina mwisho wa kupiga picha. Dokumentari nayo husimuliwa kutoka kaburini kurudi nyuma: kwa kuwa tunajua walikufa, basi kila wimbo waliouimba unasikika kama maombolezo. Ukichukua video ya kwaya ya kanisa lenu la Bamburi, ukaitia muziki ule na kuipunguza mwendo, mama atalia vile vile.

Tena kuna hili la kutekwa akili. Neno la Kiingereza la kuoshwa ubongo lilienezwa na mwandishi wa habari, Edward Hunter, mwaka 1950, akieleza mambo ya China ya wakati ule. Halikuanzia kwa daktari. Sisi tulikuwa na letu la zamani, kasumba, yaani afyuni, nalo naliona lina adabu zaidi, maana mla kasumba bado ni mtu, ana hamu zake na asubuhi zake za kujuta. Mwanasosholojia wa Uingereza, Eileen Barker, aliwafuatilia watu zaidi ya elfu moja waliohudhuria mafunzo ya kikundi kimoja huko London mwaka 1979, kikundi ambacho magazeti yaliapa kwamba ukiingia mlangoni umekwisha. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakujiunga. Na wengi wa waliojiunga walitoka baadaye kwa miguu yao wenyewe. Limeze hilo kabla hujaniambia kakako amelishwa kitu.

Hapa Mombasa tumepokea picha kutoka pande nyingine pia. Kanda za Naijeria za miaka ya 1990 zilituletea kalti ya nguo nyekundu: tajiri, mishumaa, duara la wanaume, na mke anayetolewa kafara ili pesa ziingie. Huko kwao kwenyewe neno lina maana nyingine tena. Mwanakalti wa Naijeria mara nyingi ni mwanachama wa chama cha siri cha chuo kikuu, na chama cha kwanza cha namna hiyo kilianzishwa Ibadan mwaka 1952 na wanafunzi saba, mwandishi Wole Soyinka akiwa mmoja wao, kwa nia ya kupinga majivuno na ukabila. Vilivyofuata vikageuka magenge ya bastola. Kijana wa Majengo aliyekulia kibanda cha video hakuletewa historia hiyo. Aliletewa nguo nyekundu.

Pakatokea na vijitabu vya ushuhuda, kimojawapo kikisimulia mji mzima chini ya bahari wenye maofisa wake wa giza. Bara walisoma kama habari mpya. Sisi majini tulikuwa nao tayari, na kila mwenye teksi alikuwa na kisa chake cha abiria mrembo wa usiku ambaye akishuka, chini ni kwato. Hali ilifika mahali Rais Moi mwaka 1994 akaunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani. Ripoti ilipofikishwa Bungeni mwaka 1999, ndani yake Mashahidi wa Yehova na Wamormoni walitajwa miongoni mwa milango ya ushetani. Fikiria wewe ni Shahidi wa Yehova unayebisha hodi Tudor wiki hiyo na majarida yako mkononi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa neno letu wenyewe. Kaya. Kwa Mijikenda kaya ni makao ya wazee wa kale ndani ya msitu, mahali pa maombi na makaburi. Mti haukatwi, ukuni hauokotwi. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi Likoni wakaua na kuchukua bunduki, na ikajulikana walikuwa wamejiandaa karibu na Kaya Bombo, Kwale. Miezi mizima habari zikawa Kaya Bombo, Kaya Bombo, mpaka mtu wa bara akisikia kaya anaona panga na kiapo. Namkumbuka mzee mmoja wa Kidigo aliyeacha kuvaa nguo zake za wazee akija mjini. Aliniambia makanga anamtazama mikono. Halafu 2008 UNESCO ikaziweka kaya katika orodha ya urithi wa dunia, waandishi wakarudi na kamera, safari hii wakipiga picha miti. Msitu ni ule ule. Mzee yeye alikuwa ameshakufa.

Wakoloni nao walikuwa na yao. Ibada ya Mumbo huko Nyanza iliandikwa kalti katika vitabu vyao, na Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913 walimwita mchawi. Hata maulidi ya Lamu ya Habib Swaleh, ambayo leo watu huyafuata kutoka nchi za mbali, yalipoanza na matari yake waungwana wengine wa mji waliyasuta. Jipya katika dini husutwa kwanza. Mara nyingine kwa haki.

Nasema kwa haki kwa sababu ya Shakahola, nawe umeingoja tangu mwanzo.

Aprili 2023 makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na idadi ikapita 400, vyombo vya ng'ambo viliandika kalti ya njaa. Vya hapa viliandika dhehebu potovu, imani kali, mhubiri tata. Hilo la tata linanichekesha kwa uchungu. Tata ni kitu kilichofungika, kisichofahamika, na Paul Mackenzie alikuwa akifahamika sana. Alianza kanisa lake Malindi mwaka 2003. Alikuwa na stesheni ya televisheni, na mahubiri yake yaliingia vyumbani mwetu kama taarifa ya habari. Alisema waziwazi kwamba watoto wasiende shule, kwamba hospitali si ya muumini, na 2019 Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ilipokuja akasema ni ile alama ya mnyama. Alishakamatwa zaidi ya mara moja. Mwaka huo huo akafunga kanisa, na watu wakamfuata msituni, wakavipa vijiji vyao majina ya Bethlehemu, Yeriko, Galilaya. Kesi zilipoanza kusikizwa hapa Mombasa mwaka 2024 alikuwa amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Mimi nazungumzia tuliyokuwa tukiyaona kwa macho kabla ya msitu.

Tulikuwa tukiona mhubiri wa kawaida. Hakuvaa kama wale wa sinema. Jukwaa lilikuwa la kawaida, na nyimbo ni zile zile za makanisa mengine. Mtoto kutolewa shule haikuwa habari. Mama kujifungulia nyumbani kwa amri ya pasta haikuwa habari. Waliotoka walisema, na wanaharakati wa Malindi walipiga kelele. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu iliandika Machi 2024 kwamba vyombo vya usalama vya huko vilikuwa na taarifa na vikazembea. Sisi tuliobaki tulikuwa na neno kalti mfukoni, tulilinunua Guyana na Lagos, na halikutusaidia, kwa sababu tulikuwa tukitafuta kanzu.

Sasa neno limevaa picha mpya. Ukisema kalti Pwani leo, watu huona msitu na njaa. Shakahola yenyewe, ambayo ni mahali penye wenyeji na mashamba yao, imekuwa tusi. Nimemsikia makanga Mtwapa akimwambia mwenzake aliyekosa chakula cha mchana kwamba yuko Shakahola, abiria wakacheka. Na naona linalofuata: kikundi kinachofunga siku tatu kitaogopwa, na kile kinachokula pilau kila Jumapili huku kiongozi akishika hati za mashamba ya waumini hakitaogopwa na mtu.

Turudi kwenye barua yako, na nitakuwa mkali kidogo.

Kanzu nyeupe? Legio Maria, makanisa ya Roho na Akorino wamevaa kanzu na vilemba tangu babu zako wakiwa vijana. Kuvua viatu, mwulize Mwislamu yeyote. Ngoma za usiku ni kero ya majirani, na chifu yupo kwa kazi hiyo. Nyama na chai, utakuwa unawaweka ndani Waadventista wengi. Ndevu? Ndevu zingekuwa dalili, nusu ya wanaume wa Mombasa tungekuwa ndani tangu zamani, na sisi wa Mombasa tunajua vizuri ladha ya kushukiwa kwa ndevu na kanzu. Televisheni ni yake, ameiuza. Mimi yangu nimewahi kutamani kuiuza kila msimu wa kampeni.

Kutokuja harusini kunaniuma kwa ajili ya mama, lakini kabla ya kuhukumu ningetaka kujua walizuiwa au waliona haya. Nyumba inayokuita kalti, utakwenda kukaa meza ipi?

Mtoto ndiye jibu. Kuombewa si kosa. Hata daktari huomba. Kosa ni maombi kuwekwa mahali pa kliniki, tena kwa mtoto asiyeweza kujiamulia. Mwenye selimundu huishi kwa maji. Mwili ukikaukiwa, chembe za damu hujipinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo, na maumivu yake nimewaona watu wazima wakiyalilia kama wachanga. Kwa mtoto kama huyo homa ndogo ni dharura. Hujaniambia kama naye hufungishwa. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya lolote kuhusu Baba.

Maswali mengine tunayouliza sisi wa kazi hii hayana nguo ndani yake. Nani anaweza kumwambia Baba hapana, na alipomwambia ilikuwaje? Nani wa mwisho kutoka, na wakikutana naye feri wanamwamkua? Pesa zinaingia wapi, na kuna aliyeuza shamba au kuacha kazi kwa agizo? Watoto wako shule? Wasichana wako salama na nani? Kakako mwenyewe bado anaendesha tuktuk kila siku, anashika pesa yake, anakutana na abiria wa kila aina. Hilo kwangu ni dalili njema, na dokumentari yoyote ingeliruka. Mwanamume mwenye usukani wake na mchana wake hajafungiwa.

Basi, ni kalti? Sitakupa neno hilo, na nina sababu zaidi ya ubishi wa wasomi, ambao wengi wao siku hizi husema harakati mpya za kidini na kupita. Waco, Texas, mwaka 1993: kikundi kilichokuwa jirani na mji ule tangu miaka ya 1930 kilikuwa chini ya David Koresh, mtu mwenye makosa makubwa, ya wasichana wadogo na ya silaha. Gazeti la mji lilianza mfululizo wa makala juu yake tarehe 27 Februari, na kesho yake maafisa wa serikali wakavamia. Mpiga picha wa televisheni aliyepotea njia alimwuliza tarishi barabarani, kumbe tarishi ni shemeji wa Koresh, na habari ikawatangulia maafisa. Watu kumi walikufa siku hiyo. Wakazingirwa siku 51, na mwisho ni moto na maiti zaidi ya 70, watoto wengi ndani yake. Wale watoto walikuwa ndio sababu ya watu kujali hapo mwanzo. Neno lilipokwisha kubandikwa, walio nje waliona mle ndani hamna wa kuzungumza naye, na walio ndani wakaona unabii wao unatimia.

Nyumbani kwenu imetokea hiyo hiyo kwa udogo wake. Mlipomwita mtu wa kalti, aliacha kushika simu. Kila mnapolisema, Baba anapata hubiri la bure: si niliwaambia ndugu zenu watawakana?

Kuhusu Kiswahili, shauri langu ni lile nililolipata kwa mzee wa simu. Dhehebu liacheni, lina wenyewe. Kalti, kwa mazungumzo, semeni tu, ni neno la kuazima na linajulikana si la kwetu. Lakini ukienda ofisini au ukiandika, taja kitendo. "Kikundi kinachozuia watoto wasitibiwe" ni maneno mengi kuliko moja, gazeti halitayapenda, na ofisa wa watoto atainuka kitini. Ukimwambia kalti, atakuuliza wanavaaje.

Sasa Jumamosi. Usiende na mama, atalia, na usiende na mjomba yeyote mwenye Biblia ya kubishana. Nenda peke yako, mchana, waliokesha wakiwa wameamka. Chukua madafu, matunda, na kadi ya kliniki ya mtoto ikiwa iko kwenu. Kaa chini. Uliza habari za tuktuk. Usiitaje ile dokumentari. Mwambie kakako hujaja kumtoa popote, umekuja kumpeleka mtoto hospitali ya Makadara Jumatatu na kumrudisha, na kama anataka kuomba njiani mtaomba wote wawili. Akikubali, ishia hapo. Hayo mengine yana miezi.

Akikataa, au akisema mpaka Baba aruhusu, usigombane naye. Piga 116, simu ya bure ya watoto, siku hiyo hiyo, au nenda kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya matibabu, na hakuna kifungu kinachomwuliza babake anasali wapi. Eleza mtoto, ugonjwa, mwezi wa mwisho wa kliniki, kufunga bila maji. Kanzu usizitaje.

Na ukimkuta ana homa, macho ya manjano, kifua kinabana au analilia mifupa, mazungumzo yote niliyokuandikia yafute. Mbebe. Tuktuk ya babake iko mlangoni, na kakako, hata kwa kanzu yake, njia ya Makadara anaijua kuliko wewe.